Tamko Likiwa na Maana Mbili: Namna ya Kuamua Mezani

Askari wa mpwa wangu, yaani mhusika anayemchezesha mezani, alikuwa ndani ya deraya ya chuma kuanzia kidevuni hadi vifundoni, pale malenga wa maadui alipomnyoshea kidole na deraya ikawa nyekundu kama kaa. Mpwa wangu akatupa dadu ya kujinusuru, ile inayoamua kama mhusika anaepa nguvu iliyomwelekea, akafaulu, akapiga makofi. Nikamwambia: umeumia, na mpaka zamu ijayo ya malenga kila ukishambulia utatupa dadu mbili uchukue ile ndogo. Akanitazama.

"Shangazi, si nimefaulu? Sasa kufaulu kwangu kumenisaidia nini?"

Swali zuri, na sikuwa na jibu. Tulibishana dakika 40. Chai ikapoa, mahamri yakakauka, na yeye akaanza kutafuta viatu vyake mlangoni.

Mchezo wenyewe ni Dungeons & Dragons, mchezo wa kusimulia hadithi ambapo kila mchezaji ana mhusika wake na dadu huamua matokeo; letu ni toleo la tano, lililotoka mwaka 2014. Tunacheza sebuleni kwangu Tudor, Mombasa, watu sita pamoja nami. Vitabu ni vya Kiingereza, mchezo wetu ni wa Kiswahili. Siku za kazi mimi ni mkalimani mahakamani: shahidi anasema, mimi ninafikisha, na neno moja nikiliteleza mtu anaweza kulala rumande. Jumamosi mimi ndiye DM (Dungeon Master), yaani msimulizi, mwendesha maadui na mwamuzi wa kanuni. Baada ya ugomvi wa deraya niliamua kwamba ujuzi ninaoutumia mahakamani utatumika na hapa. Haya ndiyo ninayoyafanya tangu siku hiyo, na ninayaandika kwa ajili ya yeyote anayeendesha meza yake kwa Kiswahili.

Kwanza istilahi. Mezani kwetu hatusemi "uchawi" wala "kuroga". Madirisha yako wazi, majirani wanapita, na huku kwetu kumwita mtu mchawi si maneno ya kuchezea. Kuna watu wamepoteza maisha kwa neno hilo. Tunasema "tamko", yaani maneno yenye nguvu yanayoleta jambo la ajabu kama ile deraya kuwaka, na anayelitoa ni "mtamkaji". Lina faida nyingine nitakayoieleza: tamko linachukua li- na ya-, kiumbe anachukua a- na wa-, kitu kinachukua ki- na vi-. Tofauti hiyo itakuokoa mara nyingi.

SOMA KADI

Ugomvi mwingi hautoki kwenye utata. Unatoka kwenye kumbukumbu. Mtu alilisoma tamko miezi minane iliyopita, au alisikia rafiki akilisimulia, na sasa anabishana kwa ajili ya sentensi ambayo haimo kitabuni. Wengi wanakumbuka Fireball, tufe la moto, kama kitu kinachoteketeza kila kilichomo chumbani. Maandishi yanasema linawasha vitu vinavyoshika moto ambavyo havijavaliwa wala kubebwa. Barua iliyomo ndani ya mkoba wa adui inabaki salama. Pazia linaungua. Ukisoma kwa sauti, mjadala umekwisha kabla haujaanza.

Kwa hiyo nilitengeneza kadi. Mwezi Januari 2023 kampuni ya Wizards of the Coast, wachapishaji wa mchezo huu, iliuweka waraka wa kanuni za msingi za toleo la 2014 chini ya leseni ya Creative Commons, kwa hiyo unaruhusiwa kuunakili, kuutafsiri na kuugawa mradi umtaje mwenye kazi. Matamko yote ninayoyataja katika mwongozo huu yamo humo. Upande mmoja wa kadi nimeweka Kiingereza kama kilivyo, upande wa pili Kiswahili changu. Mtu akiuliza, kadi inasomwa pande zote mbili. Hakuna kusema "mimi najua linavyofanya kazi".

Na uliza toleo. Mwaka 2024 kitabu cha mchezaji kiliandikwa upya, na matamko kadhaa yamebadilika kweli kweli. Watu wawili wanaweza kuwa sahihi wote wawili kwa vitabu viwili tofauti. Sisi tunacheza la 2014, na la 2024 tunalitumia kama shahidi: pale waandishi walipobadilisha sentensi, mara nyingi wanakuonyesha kwamba ile ya zamani ilikuwa inawasumbua.

TAFSIRI BILA KUONGEZA

Turudi kwenye deraya. Tamko linaitwa Heat Metal, kadi yangu inasema Chuma Moto. Ni la daraja la pili (daraja likipanda, nguvu ya tamko inapanda), linafika futi 60, linadumu hadi dakika 1 mtamkaji akilishikilia kwa umakini. Linachagua kitu cha chuma kilichotengenezwa na mikono. Kila kiumbe anayekigusa anaumia dadu 2 za pande nane, na kila zamu inayofuata mtamkaji anaweza kurudia maumivu hayo kwa tendo lake la ziada. Sentensi zilizotugombanisha, nikizitafsiri neno kwa neno, ni hizi:

"Ikiwa kiumbe amekishika au amekivaa kitu hicho na akaumia kwacho, kiumbe huyo lazima afaulu kujinusuru kwa Ustahimilivu, la sivyo akidondoshe kitu hicho kama anaweza. Asipokidondosha, anatupa dadu mbili na kuchukua ndogo katika mashambulio na majaribio ya uwezo hadi mwanzo wa zamu yako ijayo."

Kiingereza kina kiwakilishi kimoja kwa kiumbe na kwa kitu, na jicho linakimbia juu yake bila kusimama. Kiswahili hakikuruhusu. "Asipokidondosha": a- ni nani? Ki- ni nini? Lazima uamue kabla kinywa hakijafunguka. Ki- ni deraya, hapo hakuna shaka. A- ni kiumbe. Lakini ni kiumbe yupi: yule aliyeshindwa kujinusuru, au yule aliyekishika au kukivaa na akaumia, awe ameshindwa au amefaulu?

Nilipoirudia tafsiri usiku ule, baada ya wote kuondoka, niligundua kwamba mezani mpwa wangu alikuwa ameisoma hivi: "Akishindwa na asikidondoshe." Maneno "akishindwa na" hayamo. Yeye aliyaongeza, kwa nia njema, ili sentensi iwe na mantiki anayoitarajia. Mkalimani mchanga hufanya kosa hilo hilo kizimbani: shahidi anaacha pengo, mkalimani analijaza, na pengo lilikuwa ndilo ushahidi. Tangu hapo nina desturi hii, na ndiyo ninayoiamini kuliko zote: tafsiri sentensi kikavu, halafu tia mstari chini ya kila neno ulilolazimika kuliongeza ili ieleweke. Hapo penye mstari ndipo utata ulipo. Usibishane kuhusu tamko zima, bishaneni kuhusu neno hilo moja.

Kwa Chuma Moto, ukiliondoa neno la kuongeza, adhabu inampata kila aliyeumia na ambaye kitu bado kinamgusa. Kufaulu kunamwokoa mwenye upanga asilazimike kuuangusha. Aliyevaa deraya nzito hawezi kuidondosha hata akitaka, maana kuivua ni dakika 5 na tamko lote ni dakika 1, yaani duru 10 za sekunde 6. Kwa wastani dadu 2 za pande nane zinatoa 9 kila zamu. Fanya hesabu mwenyewe. Kujinusuru kwa kweli hakumsaidii aliyevaa, na mpwa wangu alikuwa na haki ya kukasirika. Lakini njia ya kutoka ipo, nayo imo kwenye neno "umakini": mtamkaji akipigwa, lazima atupe dadu ya Ustahimilivu afikishe 10 au nusu ya maumivu aliyopata, ipi ni kubwa, la sivyo tamko linazimika. Wenzake walipaswa kumrukia yule malenga. Badala yake tulikuwa tumekaa tukibishana sarufi.

Naongeza tahadhari. Tafsiri inakuonyesha uamuzi uko wapi. Haikuamulii. Kuna sentensi nilizozitafsiri njia mbili, zote kavu, zote sahihi. Hapo lazima utafute msaada kwingine, na nitafika.

NENO MOJA NI NENO LIPI?

Hapa ndipo meza ya Kiswahili inapokutana na jambo ambalo waandishi wa kitabu hawakulifikiria, na sioni kwa nini wangelifikiria.

Tamko la Command, kwetu Amri, ni la daraja la kwanza. Unamtamkia kiumbe aliye ndani ya futi 60 amri ya neno moja. Akishindwa kujinusuru kwa Busara, anaitii katika zamu yake inayofuata. Halimpati mfu anayetembea, halimpati asiyeelewa lugha yako, na halifanyi kazi ikiwa amri inamdhuru moja kwa moja. Kitabu kinatoa mifano: njoo, dondosha, kimbia, sujudu, simama. Kisha kinasema unaweza kutoa nyingine, na DM ataamua kiumbe atafanya nini.

Anayemchezesha kasisi wetu ni jirani yangu, nesi, mtu mpole mwenye masikio makali. Wenzake walikuwa wamefungwa gerezani, mlinzi mmoja mlangoni na funguo kiunoni. Akamwelekea mlinzi, akasema taratibu:

"Wafungulie."

Meza nzima ikanyamaza. Neno moja. Na ndani yake kuna anayetenda, kuna tendo, kuna wanaotendewa, kuna kwamba ni kwa manufaa yao. Mwingereza angehitaji maneno matatu au manne, na DM wake angemkatalia palepale. Nikalikubali, kwa sababu kadi ilisema neno moja na neno lilikuwa moja. Jumamosi iliyofuata tukasikia "Nikabidhi". Iliyofuata, "Mtetee", na mlinzi akageuka kupigana na kamanda wake mwenyewe. Tamko la daraja la kwanza lilikuwa limeanza kufanya kazi ya Dominate Person, la kumtawala mtu kabisa, ambalo ni la daraja la tano.

Nikajaribu kuhesabu kwa ukali, nikaona ukali huo unaumiza upande wa pili. Mchezaji alitaka mtu apige magoti. Kwa Kiingereza ni neno moja tu. Kwa Kiswahili "piga magoti" ni mawili. "Salimu amri" ni mawili, ingawa "jisalimishe" ni moja. Kwa nini yule ajuaye "jisalimishe" apite na mwenzake aliyesema "salimu amri" azuiwe? Kipimo cha neno kilitengenezwa kwa lugha ambayo neno ni kipande kidogo. Ukikileta kwetu bila kukipima upya ni kama kununua kitambaa kwa yadi huku unahesabu mita.

Nilijiuliza sharti la neno moja linalinda nini. Nikitazama ile mifano mitano, zote ni amri ambazo mlengwa anazifanya kwa mwili wake mwenyewe: anakuja, anaachia, anakimbia, anasujudu, anasimama. Hakuna hata moja inayomhusisha mtu wa tatu. Kwa hiyo uamuzi wetu, ulioandikwa nyuma ya kadi, ni kwamba tunahesabu tendo, hatuhesabu neno. Tendo moja, la mlengwa mwenyewe, bila kiambishi cha mtendwa. "Piga magoti" inapita. "Lala" inapita. "Nyamaza" inapita. "Wafungulie" haipiti. "Fungua" inapita, lakini mlinzi ataamua anafungua nini, na mimi DM ninaweza kusema amefungua mkoba wake wa chakula. Kasisi wetu alicheka aliposikia hivyo, na akakubali kwamba ndivyo linavyopaswa kuwa: ukisema kifupi, unakubali kueleweka vibaya.

Toleo la 2024 limefunga mlango kabisa, sasa unachagua miongoni mwa amri tano tu. Sisi hatukutaka kufika huko. Raha ya tamko hili ni kule kutafuta neno.

Kaka yake Amri ni Suggestion, kwetu Shauri, daraja la pili. La 2014 linasema shauri liwe la sentensi moja au mbili na lisikike la kuingia akilini. La 2024 linasema lisizidi maneno 25. Sikiliza shauri la malenga wetu, fundi wa friji kwa kazi yake:

"Mlete nahodha hapa, mwambie tumemsamehe, kisha rudini nyumbani mkapumzike hadi kesho asubuhi."

Maneno 12. Nililitafsiri kwa Kiingereza kwa uaminifu, likafika 20. Ukichukua kipimo cha 25 kama kilivyo, mchezaji wa Kiswahili atapanga njama nzima na bado ana nafasi ya salamu. Sisi tunatumia 15, na hatuhesabu kwa vidole isipokuwa mtu akivuka waziwazi.

Kuhusu "kuingia akilini" wengi wanagombana, kwa sababu DM mkali anaweza kudai hakuna adui atakayeona lolote ni la kuingia akilini. Usitafute tafsiri ya neno hilo kwenye kamusi. Tafuta mfano ndani ya tamko lenyewe. Kitabu cha 2014 kinasema unaweza kumshauri askari wa farasi ampe farasi wake wa vita maskini wa kwanza atakayekutana naye. Farasi wa vita! Kwa maskini asiyemjua! Kama hilo linaingia akilini, basi kipimo ni kipana sana, na kinakataza yale yaliyotajwa tu: kujichoma kisu, kujirusha juu ya mkuki, kujitia moto, na mengine ya jamii hiyo yenye madhara ya wazi. Mfano ulioandikwa ndani ya tamko una uzito kuliko hisia zako kuhusu neno moja la sifa.

WAULIZE MAJIRANI ZAKE

Sentensi ikikataa kufunguka, nenda kwa matamko yanayofanana nayo. Fire Bolt inasema kitu kinachoshika moto kikipigwa kinawaka, isipokuwa kimevaliwa au kimebebwa. Scorching Ray, miale ya moto vilevile, haisemi lolote kuhusu kuwasha. Waandishi walijua kuandika sentensi ile. Waliiandika pale, hapa hawakuiandika. Kwa hiyo miale haiwashi yenyewe. Mchezaji akitaka kweli kuwasha pipa la mafuta kwa miale, ninaweza kumkubalia kwa sababu ya hadithi, lakini anajua nimempa kama zawadi, na kesho hawezi kuidai kama haki.

Kisha tazama daraja. Kuna hoja ya zamani kwamba tamko la Create or Destroy Water, daraja la kwanza, linaloweka hadi galoni 10 za maji safi ndani ya chombo kilicho wazi, linaweza kujaza mapafu ya adui, kwa kuwa mdomo uko wazi. Mpwa wangu aliileta kwangu akiwa na tabasamu. Sikumwambia ni ujanja mbaya, maana alikuwa ameisoma kadi vizuri. Nilimuuliza maswali mawili. Tamko linalomuua mtu papo hapo ni la daraja la ngapi? Na mlengwa anapewa wapi nafasi ya kujinusuru? Karibu kila tamko lililokusudiwa kumdhuru kiumbe linataja kiumbe kama mlengwa, kisha linampa dadu ya kujinusuru au linamdai mtamkaji atupe ya kushambulia. Hili linataja chombo. Ukisoma tamko la bei rahisi likawa linafanya kazi ya la bei ghali, rudi usome tena.

Mara chache sana, maandishi yako wazi na bado yanatoa upuuzi. Kanuni za 2014 za asiyeonekana zinasema anayemshambulia anatupa dadu mbili na kuchukua ndogo. Hazisemi "ikiwa humwoni". Ukizifuata neno kwa neno, mtu aliyetumia tamko la kuona visivyoonekana, anayemtazama adui usoni, bado anapiga kama kipofu. Mezani kwetu tulikataa kabla ya kusikia wengine wanasemaje: anayekuona, anakuona. Toleo la 2024 limeandika hivyohivyo. Lakini ninaitumia ruhusa hii kwa woga. Mara nyingi kinachoonekana upuuzi ni kitu nisichokipenda tu.

Wizards of the Coast hutoa mkusanyo rasmi wa majibu, Sage Advice, na unafaa kusomwa. Kwa miaka watu walitumia jumbe za Jeremy Crawford, aliyekuwa msimamizi wa kanuni, za Twitter kama hukumu. Tangu mwaka 2019 mkusanyo wenyewe unasema jumbe hizo si rasmi tena. Nasoma nyumbani. Mezani sifungui simu, kwa sababu mtu mmoja akifungua simu, watano wanafungua, na baada ya dakika tatu kila mmoja ana jibu lake.

KUAMUA, NA KUANDIKA

Dakika 2. Ndizo ninazojipa sasa. Kadi inasomwa pande zote mbili, mwenye tamko anasema anavyolielewa, anayepinga anasema mara moja, mimi ninaamua. Nikiwa sina hakika, na pande zote mbili zina uzito sawa, ninaamua kwa faida ya mchezaji, hasa ikiwa anayefaidika na upande mwingine ni adui ninayemwendesha mimi. Usiku wa deraya ningefanya hivyo mapema tungekunywa chai ikiwa moto. Siwezi kuwa hakimu na mshtakiwa katika kesi moja, halafu nijipe ushindi.

Kabla ya kutangaza ninajiuliza swali moja kimoyomoyo: adui akifanya hivihivi wiki ijayo, nitaridhika? Na ninawauliza wao kwa sauti: mko tayari kutendewa hivi? Mpwa wangu aliliondoa mwenyewe lile la maji kwenye mapafu nilipomkumbusha kwamba pangoni chini ya mnara kuna makasisi wanne wa maadui, wanaoweza kulitoa tamko hilohilo.

Uamuzi wa usiku ule unaishi usiku ule. Unaingia kwenye daftari: tarehe, tamko, neno lililokuwa na utata, tulivyoamua, na kama ni la muda. Kabla ya kikao kinachofuata ninausoma upya nikiwa nimelala vizuri. Nikibadilisha, ninabadilisha kwa kuanzia mbele. Simrudishii adui damu aliyomwaga wala simnyang'anyi mchezaji ushindi alioupata. Hivyo ndivyo nilivyofanya na Chuma Moto. Siku ile nilimpa mpwa wangu alichodai, akashambulia bila adhabu, akamuua malenga. Jumamosi iliyofuata, kabla hatujaketi, nilimwita jikoni. Nikamwonyesha tafsiri yangu na mstari chini ya "akishindwa na". Akaisoma mara mbili. Akasema, "Kweli, haimo." Akauliza kama askari wake atabaki na ushindi wake. Nikamwambia abaki nao.

Kurasa mbili baadaye katika daftari hilo kuna jambo ambalo bado tunalifanyia kazi. Mwezi uliopita zamu ilikuwa ya maadui, na Chuma Moto likaangukia ngao ya kasisi wetu. Kitabu, ukurasa mmoja, kinasema ngao hubebwa kwa mkono mmoja. Jedwali la kuvaa na kuvua, ambalo haliko mbali, linasema kuivua ngao ni tendo zima la zamu. Sasa ngao imeshikwa au imevaliwa? Kama imeshikwa, akishindwa kujinusuru anaiachia tu. Kama imevaliwa, anaungua mpaka zamu yake, kisha anapoteza tendo lake lote kuivua.

Nilisoma kadi. Nesi akasema imebebwa, kitabu kimesema kubeba. Fundi akasema ngao ina mikanda, na tendo zima si la bure. Mpwa wangu, ambaye safari hii hakuwa na chochote cha kupoteza, akaomba kadi, akaigeuza upande wa Kiswahili, akafuata maneno kwa kidole: "amekishika au amekivaa… akidondoshe kama anaweza."

"Hapa utata si wa 'kushika'," akasema. "Ni wa 'kama anaweza'."

Nikaandika neno hilo daftarini na kulitia mstari. Niliamua kwa faida ya kasisi, kwa muda: imeshikwa, iangushe. Akaiangusha, ikaita sakafuni, na zamu ikaenda kwa fundi.